Pauni 6 kwa Saa ni Nyingi? Dhana Potofu Kuhusu Ada za Walezi wa Watoto England

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa England tunafanya kazi za kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa, na za hospitali, na shifti ya saa moja asubuhi haimsubiri mtu. Ndiyo maana tukimtafuta mlezi wa mtoto tunauliza swali moja tu: saa ni pauni ngapi? Nami nililiuliza hivyo hivyo mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 3. Nikamchukua aliyetaja bei ndogo, na mwisho wa mwezi nikawa nimelipa zaidi ya ambacho ningemlipa yule niliyemkimbia.

Ninayemzungumzia ni mlezi anayepokea watoto nyumbani kwake, si yaya anayekuja kwako. Na ni England tu. Wales na Uskoti wana taratibu zao.

"Huyu anatajirika kwa jasho letu."

Sheria haimpi nafasi hiyo. Mlezi anayefanya kazi peke yake anaruhusiwa watoto 6 wa chini ya miaka 8. Kati ya hao, wadogo ambao hawajafikia umri wa shule wasizidi 3, na kwa kawaida wa chini ya mwaka 1 ni mmoja tu. Watoto wake mwenyewe nao wamo katika hesabu. Tuseme anatoza pauni 6 kwa saa na ana wadogo watatu: ni pauni 18, kabla ya chakula, bima, kozi ya huduma ya kwanza, vifaa vya kuchezea, kodi, na kuipasha nyumba joto mchana kutwa wakati wa baridi. Mmoja akihama zinabaki 12. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kiliwekwa pauni 12.21 Aprili 2025, na mwajiriwa hulipwa likizo juu yake. Mlezi amejiajiri, hana wa kumlipa likizo. Msimlinganishe na dada wa kazi wa Dar au Mombasa anayelala na kula kwako. Na yule dada naye, tuseme kweli, tunamlipa chini ya anachostahili.

"Ofsted ndio wanaopanga bei."

Ofsted ni idara ya serikali inayosajili na kukagua walezi. Bei anapanga mlezi mwenyewe. Ulizia walezi watatu wa eneo lako, si la shoga yako wa mji mwingine, kisha soma ripoti zao za ukaguzi. Ziko mtandaoni, bure.

"Asiyesajiliwa ni nafuu, tena ni mwenzetu."

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilieni nirefushe. Hesabu kwa mfano wa siku tatu kwa wiki, saa 10 kila siku. Mwenzetu asiyesajiliwa anataka pauni 4 kwa saa: pauni 120 kwa wiki. Aliyesajiliwa anataka 6: pauni 180. Kwa macho umeokoa 60. Lakini wazazi wanaofanya kazi na kutimiza masharti ya kipato hupata saa 1,140 kwa mwaka zinazolipwa na serikali, na tangu Septemba 2025 ni kuanzia mtoto wa miezi 9. Ukizigawa kwa wiki 52 unapata karibu saa 22. Unabaki kulipia saa 8, yaani pauni 48. Ukizipitisha kwenye akaunti ya Tax-Free Childcare, kila pauni 8 unazoweka serikali inaongeza 2, hivyo mfukoni mwako zinatoka 38 na senti. Kwa asiyesajiliwa, msaada huo wote haupo. Anayepokea Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hawezi kuichanganya na Tax-Free Childcare, ila anaweza kurudishiwa hadi asilimia 85 ya gharama, napo ni kwa mlezi aliyesajiliwa.

Halafu kuna sheria yenyewe. Anayelipwa kulea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake kwa zaidi ya saa 2 kwa siku lazima asajiliwe. Ndugu wanasamehewa, lakini ndugu wa sheria ya malezi ya watoto ya mwaka 2006 si ndugu wetu: ni bibi na babu, shangazi, mjomba, mama mdogo au mkubwa, kaka na dada. Binamu hayumo. Mama mdogo ambaye kwa kweli ni binamu wa mama yako hayumo, wala shangazi wa kuitwa kwa heshima. Tunawatia hatarini watu tunaowapenda bila kujua.

Kwa wenye viza isiyoruhusu fedha za umma, someni masharti yake kabla ya kuomba misaada hii. Ila saa 15 kwa wiki, kwa wiki 38, za watoto wote wa miaka 3 na 4 haziangalii viza ya mzazi.

"Saa za serikali ni bure kabisa."

Hazigusi chakula, nepi wala matembezi. Mlezi anaweza kukuomba uvilipie, lakini hawezi kuvifanya sharti la kukupa nafasi. Na si walezi wote wanaozipokea, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini.

"Mtoto akiumwa, silipi."

Kwa kawaida unalipa, kwa sababu kiti kile hakuna mwingine aliyekikalia. Kilicho haki ni haya yaandikwe kwenye mkataba: siku za ugonjwa wa mtoto, ugonjwa wa mlezi, likizo yake na yako, na faini ya kuchelewa shifti ikikushikilia.

Mlezi wa mwanangu wa pili anazidi jirani yake kwa senti 50 kwa saa. Anafungua mlango saa kumi na mbili na robo. Jirani anafungua saa mbili, na saa mbili mimi huwa nimeshawaogesha wazee wawili.