Mnara wa Simu Mtaani Kwenu: Lalamikieni Kinachopimika

Tangu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 iliposainiwa Mei 2023, barua zinazotufikia sisi tunaopima mionzi zimebadilika. Zamani mwananchi aliandika kuuliza. Siku hizi anaandika kutoa hukumu: mnara uliosimikwa karibu na zahanati unatoa mimba, unaleta saratani, umekausha mikorosho, na ukiwa wa 5G basi ndio uliotuletea korona. Barua nyingine zina sahihi za mtaa mzima, na karibu zote zinataka jambo moja, mnara ung'olewe.

Nianze na korona, maana kulijibu hilo hakuhitaji kifaa cha kupimia. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, akiwa ametoka safari ya nje. Huduma ya 5G ilizinduliwa hapa kwetu mwaka 2022. Kenya walitangaza mgonjwa wao wa kwanza siku tatu kabla yetu, na majaribio yao ya 5G yalianza mwaka 2021. Kirusi kilikuja ndani ya vifua vya wasafiri na kikaenea kwa pumzi zetu. Uingereza, Aprili 2020, watu walioamini uvumi huu walichoma minara kadhaa kwa moto. Mmoja wa iliyoshambuliwa ulikuwa ukihudumia hospitali ya muda ya wagonjwa wa korona mjini Birmingham, wakati ambapo ndugu hawakuruhusiwa kuingia wodini na simu ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumsikia mgonjwa wao. Naomba wanaosambaza sauti za WhatsApp kuhusu 5G walifikirie hilo.

Saratani na mimba ni hofu nzito zaidi, nami siwezi kumlaumu mama mjamzito anayeuliza. Neno mionzi limebeba vitu viwili tofauti. Kuna mionzi ayonisha, kama eksirei na gama, ambayo ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na hivyo kuharibu vinasaba. Hiyo ndiyo tunayojilinda nayo kwa kuta za madini ya risasi na vibali vikali, na ndiyo sababu mjamzito huulizwa kabla ya kupigwa picha hospitalini. Kisha kuna mawimbi ya redio, yanayotumiwa na simu, televisheni na redio ya taifa tangu babu zetu wakiwa vijana. Wimbi la 5G la gigahezi 3.5 lina nguvu pungufu mara laki kadhaa kuliko inayohitajika kung'oa elektroni. Hata mwanga wa kawaida wa mchana, kwa kila chembe yake, unalishinda kwa mbali. Kuongeza minara hakubadili hilo. Jambo ambalo mawimbi haya yanaweza kufanya mwilini, yakiwa makali sana, ni kupasha joto, na viwango vya usalama vimewekwa chini sana ya pale joto hilo linapoanza kuwa na madhara.

Viwango hivyo vya kimataifa vinatolewa na ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi isiyo ayonisha, na mara ya mwisho vilipitiwa mwaka 2020. Kwa wananchi wa kawaida, kikomo kwenye masafa ya megahezi 900 ni takriban volti 41 kwa mita. Kuanzia gigahezi 2 kwenda juu, pamoja na 5G tuliyo nayo, kikomo ni wati 10 kwa mita mraba. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara katika nchi mbalimbali vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kikomo. Wananchi wakisikia hivyo husema tumenunuliwa na kampuni za simu. Basi njooni mtazame tunapopima.

Mpimaji husimamisha kifaa kwenye stendi ya miguu mitatu, kichwa chake kikiwa usawa wa kifua cha mtu mzima, mita moja na nusu kutoka ardhini. Husubiri dakika kadhaa apate wastani, kwa sababu matumizi ya mtandao hupanda na kushuka. Huhamia pengine: getini, dirishani kwa mlalamikaji, uwanja wa shule. Kabla ya kuanza huwaomba watu wasogeze simu zao mbali, na hapo ndipo mara nyingi somo linapopatikana. Mtu mmoja akisahau, simu yake ikaita akiwa hatua moja kutoka kwenye kifaa, namba kwenye kioo huruka juu kuliko ilivyokuwa chini ya mnara wenyewe. Antena za mnara hutupa mawimbi mbele kama tochi iliyoshikwa juu ya ukuta, kwa hiyo aliyesimama chini yake hupata kidogo, mawimbi hufika ardhini zaidi mbele kidogo pale mwanga wa tochi unapoangukia, kisha hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Simu, kwa upande wake, imegusana na sikio.

Kuna jambo ambalo wanaotaka mnara ung'olewe hawalijui, na nadhani lawama ni yetu wataalamu kwa kutolisema mapema. Simu hujirekebisha. Mnara ukiwa karibu, hutuma kwa nguvu ndogo. Mnara ukiwa mbali, ile milia ya mtandao imebaki mmoja, simu huongeza nguvu ili isikike, na nguvu hiyo hutoka sentimita moja kutoka kwenye ubongo wako. Mtaa unaofukuza mnara unaongeza mawimbi yanayoingia vichwani mwa wakazi wake. Zile stika za kubandika nyuma ya simu eti kuzuia mionzi, zikifaulu kuzuia chochote, matokeo ni hayo hayo.

Wanaotuandikia hupenda kutaja kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi 2B, yaani huenda yakasababisha saratani. Ni kweli, na sitalificha. Lakini someni orodha yote. Moshi wa kuni ndani ya nyumba uko kundi 2A, hatua moja juu ya simu. Tumbaku, pombe na sumukuvu viko kundi la 1, ambako ushahidi umekamilika. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na bado sijapokea barua yenye sahihi za kijiji ikidai ghala likaguliwe. Kuhusu simu, uchunguzi haujasimama. Mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024, yaliyokusanya tafiti 63, hayakukuta uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Ushahidi mpya ukija, viwango vitabadilishwa, na sisi tutapima kwa viwango hivyo vipya.

Kinachonisikitisha ni malalamiko ya haki yanayozikwa chini ya uvumi. Tunafika eneo la mlalamiko, mionzi ni midogo, lakini jenereta linanguruma usiku kucha mita chache kutoka chumba cha watoto. Dizeli imemwagika hadi kwenye mfereji. Uzio umekatika na watoto wanapanda. Muhtasari wa kikao cha mtaa una sahihi za watu ambao hawakuhudhuria. Mambo haya yana sheria na yana wahusika, ila barua haikuyataja.

Kwa hiyo mjue utaratibu. Mwenye mnara anatakiwa kuwa na kibali cha ujenzi cha halmashauri, ridhaa ya mamlaka ya usafiri wa anga kwa ajili ya urefu na taa, na kibali cha mazingira kinachopitia NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, ambacho hakitolewi bila majirani kushirikishwa. Ulizeni ofisi ya mtaa iwaonyeshe nyaraka hizo. Kelele, mafuta na ushirikishwaji hupelekwa NEMC kanda, nakala kwa halmashauri. Suala la leseni na huduma ni la TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mionzi ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Sheria namba 7 ya mwaka 2003. Barua itaje namba ya kituo iliyo kwenye bango la uzio, umbali wa nyumba yako, na kama ni kelele, saa zinapoanza na kukoma. Barua isiyo na namba ya kituo huchelewa, kwa sababu mlima mmoja unaweza kuwa na minara minne ya kampuni tofauti.

Upande wa makosa, kuchoma au kukata nyaya za mnara ni jinai ya kuharibu mali kwa makusudi, na imani ya aliyefanya haimwondolei kosa. Kuchapisha mtandaoni taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma kunaangukia kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Nasisitiza maneno "unayojua ni ya uongo". Kuuliza si kosa, wala kulalamika.

Jambo la mwisho ni vidani, bangili na mabarakoa ya kulalia yanayouzwa mtandaoni kama kinga ya 5G. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa za aina hiyo na kukuta 10 zikitoa mionzi ayonisha, ile ya kweli, muda wote. Moja ilikuwa bangili ya watoto. Aliyenunua ili kukimbia mawimbi yasiyoweza kung'oa elektroni amevaa shingoni kitu kinachoweza. Si kila kidani kiko hivyo, na kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha, hata mimi. Kama unacho, kivue leo. Usikichome wala kukitupa jalalani, na usikisage kujaribu kuona kilichomo. Kifunge ndani ya mfuko wake, kiweke mbali na vyumba vya kulala, kisha wasiliana na ofisi ya kanda ya Tume ya Nguvu za Atomiki iliyo karibu nawe wakupe maelekezo ya kukipima.