Walikuja kupanda mikoko, nikawapa machepe

Walifika alfajiri wakiwa na hamu ya kupanda mikoko. Kulikuwa hakuna mche hata mmoja. Kulikuwa na machepe, majembe na mikokoteni, na mbele yetu tuta la udongo ambalo mtu alilijenga zamani kuzuia bahari. Minong'ono niliisikia. Kijana mmoja alivaa gambuti nyeupe, mpya kabisa; nilimwonea huruma.

Nyuma ya tuta mikoko ilikuwa imesimama mikavu. Haikukatwa. Mchu, mojawapo ya aina za mikoko, hupumua kwa vile vimizizi vinavyochomoza juu ya tope. Maji yakituama yakavifunika siku nyingi mfululizo, mti unakosa hewa. Kiangazi ni kinyume chake: maji mapya hayaingii, jua linakausha yaliyomo, chumvi inabaki na kuzidi. Sasa hapo ukipanda miche elfu, utazika miche elfu.

Na ukipanda upande wa pili, kwenye uwanda mtupu wa tope unaoonekana maji yakipwa? Huko ndiko wengi hukimbilia, maana ni peupe na hakuna mwenyewe. Lakini uko mtupu kwa sababu. Mikoko huishi nusu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa, kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi yanapofika maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Chini ya hapo inafunikwa muda mrefu mno. Kosa la pili ni aina ya mti. Kila mtu anapenda ile aina iitwayo mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu yake huota ingali mtini, ndefu kuliko kalamu. Unaichomeka topeni, unapiga picha, umemaliza. Kumbe kwa kawaida wanaotangulia kwenye ukingo wa bahari ni mchu na aina nyingine, mlilana. Ufilipino walipanda kwa miongo mingi, na mwaka 2008 watafiti Primavera na Esteban waliandika kwamba kwa ujumla ilipona asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kuu walizotaja ni hizo hizo mbili: aina isiyofaa, mahali pasipofaa.

Kwa hiyo tulichimba. Siku niliichagua kwa mwezi, kwa sababu wakati wa bamvua maji hupwa mbali na tunapata saa kadhaa za kufanya kazi. Mkondo wa zamani haukuwa mgumu kuutambua: tope lake liko chini kidogo na ni jeusi zaidi. Tuliufuata, tukazibua mfereji, tukakata tuta pale ulipokuwa ukipita. Kazi nzito, yenye harufu ya mayai yaliyooza, na tope likimkamata mtu mguu halimwachii kwa adabu. Gambuti nyeupe moja ilibaki chini mpaka tuliposaidiana watu watatu kuivuta.

Kipande cha mwisho cha tuta nilikiacha hadi maji yalipoanza kurudi. Tulipokitoa, yaliingia polepole, ya kahawia, yakisukuma povu na majani. Kisha zikafuata mbegu mbili za mkoko, zimelala ubavu juu ya maji.

“Nizichukue nizipande?” akauliza yule kijana, pekupeku.

Nikamwambia aziache zipite.