Detroit ya mipigo miwili kwenye pikapu: mimi nachagua 4-53

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea pikapu ya Land Cruiser iliyokufa injini. "Papa fundi," akasema, "kuna Detroit 8V-71 nimeiona kwenye vyuma chakavu. Nataka ile. Inalia, papa!"

Nilimwelewa. Detroit Diesel ya mipigo miwili huchoma mazutu kila krankshafti inapozunguka mara moja, wakati injini za kawaida hungoja mara mbili. Ndiyo maana ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika sikio hudhani ni 4,000. Lakini 8V-71 nilimkatalia. Namba 71 ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo. Ukizidisha kwa nane unapata lita 9.3, na uzito wa karibu tani moja. Springi za mbele zingelala siku hiyohiyo.

Kwa pikapu nachukua 4-53: silinda nne, lita 3.5, kilo 500 na ushee, nguvu hadi farasi 140 hivi. 3-53 ni nyepesi zaidi na huingia bila kukata chasisi sana, ila ukipakia magunia ya makala kutoka njia ya Likasi utaisikia inachoka. Tena Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Pistoni za injini hizi hazijivutii hewa zenyewe, husukumiwa na blowa, yaani pampu ya hewa, na blowa hiyo husukuma ujazo uleule hata hewa ikiwa nyepesi, kwa hiyo hewa ya kuchomea mafuta hupungua. Ukiweka injekta kubwa, zile zinazopulizia mafuta kwenye silinda, ili upate nguvu, utapata moshi mweusi.

Kabla ya kutoa pesa, fungua vifuniko vidogo vya ubavuni, vile vya chemba ya hewa. Hapo ndipo napapendea injini hii: unamulika tochi kwenye matundu ya slivu, ile bomba ambayo pistoni hupanda na kushuka ndani yake, mwenzako anazungusha krankshafti taratibu kwa spana, na pistoni inapita mbele ya macho yako. Gusa kila ringi kwa kijiti cha mti. Ikibonyea na kurudi, ni nzima. Isiposogea, imeganda au imevunjika. Mikwaruzo ya wima kwenye slivu utaiona hapohapo, bila kufungua silinda hedi.

Halafu uliza ilikotoka. Nyingi ninazoletewa zilikuwa kwenye kompresa au jenereta. Gavana ya jenereta, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, hushikilia mwendo mmoja, haifai barabarani. Tafuta ya gari. Nyingine, hasa za boti, huzunguka kinyume. Simama mbele ya injini uitazame: ya gari huzunguka kama mishale ya saa. Ukikosea hapo, giaboksi itakupa gia moja ya mbele na nyingi za kurudi nyuma.

Kasi yake huishia mizunguko 2,800 kwa dakika, kwa hiyo giaboksi iwe na ovadraivu, gia ya juu inayoliacha gari likimbie huku injini ikizunguka polepole.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni raki za injekta, vile vijiti vyenye meno vinavyoamua mafuta kiasi gani yaingie. Injini iliyokaa nje mvua mbili tatu, raki zake huganda, na zikigandia kwenye mafuta mengi, injini ikiwaka itapanda mizunguko yenyewe mpaka ipasuke. Kuzima kwa swichi hakusaidii. Toa kifuniko cha juu, sukuma kila raki kwa kidole. Iteleze bila kulazimishwa.

Ile 4-53 ya kijana tuliiwasha Jumamosi. Yeye alishika ufunguo. Mimi nilisimama kando ya tundu la hewa, ubao bapa mkononi, tayari kuliziba injini ikianza kupanda yenyewe.