Casta ni nini? Jinsi watu walivyopangwa Meksiko enzi za Wahispania

Casta ni yale madaraja ambayo Wahispania waliwapanga watu kwenye makoloni yao ya Amerika kwa kuangalia asili ya wazazi. Tuchukue Meksiko, enzi hizo inaitwa Nueva España. Wengi wakisikia habari hii wanadhani ni ubaguzi wa rangi tu basi, kumbe kilichowaumiza watu sana ni makaratasi.

Juu kabisa walikaa peninsulares, waliozaliwa Hispania kwenyewe, hao ndo walishika vyeo vikubwa vya serikali na kanisa. Wakifuatiwa na criollos, damu ni ileile ya Kihispania ila wamezaliwa Amerika, mtu ana mashamba na migodi lakini ugavana mkuu anausikia tu. Halafu ndo wanakuja waliochanganya: mestizo ni Mhispania na mwenyeji wa Amerika, mulato ni Mhispania na Mwafrika, zambo ni Mwafrika na mwenyeji. Wenyeji walikuwa na sheria zao na mahakama yao, na watumwa waliotoka Afrika ndo chini kabisa.

Sasa angalia inavyofanya kazi. Mtoto akibatizwa padri anamwandika, na parokia nyingi zilikuwa na daftari la Wahispania na jingine la casta, yaani la waliochanganya, na ule mstari mmoja unamfuata mpaka kwenye kodi. Baba Mhispania mmoja ana watoto wawili, mmoja mama yake mwenyeji, mwingine mama yake Mwafrika aliye huru, yule wa kwanza ni mestizo halipi kodi ya kichwa, wa pili ni mulato analipa. Baba yao ni mmoja jamani! Mpaka mavazi yaliingiliwa, sheria ya 1571 iliwakataza wanawake weusi na mulata, hata walio huru, kuvaa dhahabu, lulu na hariri, ila akiolewa na Mhispania anaruhusiwa hereni za dhahabu zenye lulu. Yaani heshima yako inategemea umeolewa na nani.

Na kwa kuwa ni karatasi, mwenye hela aliweza kuihangaikia. Mwaka 1795 serikali ya mfalme ilitoa orodha ya bei kabisa, mtu mwenye asili ya Afrika aliweza kuomba afutiwe hadhi ya pardo, yaani mtu aliyechanganya damu ya Kiafrika, kwa reales 500 (sarafu za Kihispania), ingawa waliofanikiwa walikuwa wachache mno. Masikini yeye alibaki kuhamia mji asikojulikana na kumwomba padri amwandike vingine.

Morelos, padri aliyeongoza vita vya uhuru, alitaka mwaka 1813 tofauti za casta zifutwe, uhuru ukapatikana 1821, na 1829 rais Vicente Guerrero, mwenyewe ana asili ya Afrika, akapiga marufuku utumwa. Daftari zilibadilika, ila mashamba makubwa yalibaki kwa familia zilezile za criollos.