Hip-hop ya harakati: yanayosemwa vijiweni na yalivyo kweli

"Hip-hop ilizaliwa ya harakati, biashara ndiyo iliyokuja kuiharibu."

Mashabiki wa ngoma za zamani wanaipenda sana hii, lakini historia inawaumbua. Agosti 11, 1973, siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa hip-hop, DJ Kool Herc, kijana aliyezaliwa Jamaika, alipiga muziki kwenye sherehe huko Bronx, New York. Dada yake ndiye aliyeiandaa, kwa kiingilio, ili apate hela ya nguo za shule. Yaani siku ya kwanza tu mlangoni palikuwa na mtu anapokea chenji! Miaka tisa baadaye ndipo wimbo "The Message" ukaupeleka ufukara wa Bronx redioni, tena kwa shinikizo la mwenye lebo (kampuni ya kurekodi), Sylvia Robinson. Kundi la Grandmaster Flash, lililoutoa, halikuutaka wimbo huo; watu walitaka kucheza, si kukumbushwa panya na kodi ya nyumba. Mistari yote ilichanwa na Melle Mel pamoja na Duke Bootee, ambaye hata hakuwa mwanakundi. Basi hapo mfanyabiashara ndiye aliyeisukuma harakati.

"Rapa wa Marekani akiitaja Afrika, anatusemea."

Mara nyingine anajisemea mwenyewe. Chukua "Diamonds from Sierra Leone" ya Kanye West, ya mwaka 2005. Toleo la kwanza, ukiacha jina, karibu lote linahusu lebo yake na umaarufu wake. Almasi za damu, yaani zinazouzwa kugharamia vita, zilipata nafasi kwenye toleo la pili, na hata humo rapa mwenzake Jay-Z alitumia ubeti wake kujisifia biashara. Video inaonyesha watoto wakichimba migodini, lakini ilipigwa Prague, Ulaya. Vita vya Sierra Leone vilikuwa vimekwisha tangu 2002, na utaratibu wa Kimberley wa kudhibiti almasi za aina hiyo ulikuwa umeanza 2003. Sisemi wimbo haukusaidia kitu: vijana wengi walisikia habari za almasi hizo kwa mara ya kwanza kupitia kwake. Ila msikilizaji aliishia kumjua mnunuzi mwenye dhamira inayomsuta, na mchimbaji akabaki bila sauti.

"Rap ya harakati ya Afrika ni kuwalaumu wazungu."

Wazungu wanaguswa, ndiyo. Rapa Didier Awadi wa Dakar, Senegal, alitoa albamu nzima mwaka 2010 kuwaenzi viongozi waliopinga ukoloni, kina Lumumba na Sankara. Lakini makombora mengi huwalenga wakubwa wa nyumbani. "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay wa Tanzania, ya mwaka 2001, inamkejeli mgombea anayeahidi mbingu na umati unaoitikia kila kitu. Senegal ni mfano mzito zaidi: Januari 2011, umeme ukikatika kila kukicha, marapa wa Keur Gui kutoka Kaolack na wanahabari wenzao walianzisha vuguvugu la Y'en a Marre, yaani "Tumechoka". Hawakuishia kuimba; walihamasisha vijana wajiandikishe kupiga kura, na mwaka uliofuata Rais Wade akashindwa. Kura zile zilikuwa na sababu nyingi, lakini anayesema muziki hauna kazi katika siasa hakuiangalia Dakar.

"Asiye na njaa hawezi kuichana njaa."

Rapa Luaty Beirão wa Angola ni mtoto wa mtu aliyekuwa karibu na Rais dos Santos, na alisoma Uingereza na Ufaransa. Mwaka 2015 alikamatwa pamoja na vijana wenzake waliokuwa wakijadili kitabu kuhusu kupinga udikteta bila fujo, akagoma kula kwa siku 36.

Na wanaodhani msanii akipata ubunge tayari ameshaingia upande wa wenye nacho, wamwangalie Sugu, rapa wa Tanzania. Alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010. Mwaka 2018, akiwa bado mbunge, alihukumiwa miezi mitano jela kwa maneno aliyosema juu ya Rais kwenye mkutano wa hadhara.