Chokoleti nyeusi na moyo: ukweli umo kwenye kakao

Wengi tumeambiwa kwamba kipande cha chokoleti nyeusi kila siku hulinda moyo. Kuna ukweli hapo, ila unaihusu kakao zaidi kuliko chokoleti.

Kakao ina flavanoli, viambato vinavyosaidia mishipa ya damu kutanuka. Miaka ya 1990, daktari Norman Hollenberg wa Harvard aliwachunguza Wakuna, jamii ya wenyeji wa visiwa vya Panama, ambao presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka. Walikunywa kakao kwa wingi. Walikunywa, nasisitiza, hawakutafuna chokoleti ya dukani. Tena walikula samaki na matunda, jambo linalosahauliwa upesi hadithi hii inaposimuliwa.

Kiwandani, kakao hukaangwa, na mara nyingi hutiwa alkali ili uchungu upungue. Flavanoli nyingi hupotea humo. Weusi nao haukuhakikishii chochote, maana alkali yenyewe huiongezea kakao weusi! Kisha sukari na mafuta hufuata.

Utafiti wa COSMOS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusisha watu zaidi ya 21,000. Nusu yao walipewa vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli kila siku, wengine vidonge vya kufananisha tu, visivyo na flavanoli. Vifo vya maradhi ya moyo vilipungua, lakini jumla ya matukio ya moyo na mishipa (kama shambulio la moyo na kiharusi), ambayo ndiyo iliyokuwa swali kuu, haikupungua kwa kiasi cha kuthibitisha lolote. Na hivyo vilikuwa vidonge visivyo na sukari ya chokoleti.