Toleo lenye kikomo: zile namba chini ya picha

Toleo lenye kikomo ni jumla ya chapa, yaani picha zilizobanwa kwa wino kwenye karatasi, ambazo msanii ameamua zitolewe kutoka bamba au kibao kimoja, au seti moja ya mabamba, zikiisha hazitolewi nyingine. Chini ya picha huandikwa kwa penseli, kwa mfano 17/68: chapa zote ni 68, hii imepewa namba 17. Maana yake ni hiyo tu.

Tatizo liko kwenye matumizi. Kuanzia wauza fremu wa Mwanjelwa jijini Mbeya hadi magrupu ya WhatsApp ya wapenda picha Iringa, karatasi yoyote yenye namba mbili na mkwaju katikati inaitwa "toleo maalumu", na bei inapanda papo hapo. Namba peke yake haina thamani. La kuuliza ni hizo 68 ni 68 za nini.

Chukua ramani ya dhihaka ya Mwingereza Grayson Perry, Map of Nowhere, ya mwaka 2008. Umbo lake limetokana na ramani ya Ebstorf, ya Ujerumani ya karne ya 13, iliyochora dunia yote kama mwili wa Kristo. Perry akaweka mwili wake mwenyewe, akaujaza majina ya mahali yanayokejeli imani na mitindo ya watu wa leo. Ilichapwa kwa mabamba matano kwenye karatasi moja ya karibu mita 1.5 kwa 1.1, toleo la 68. Katika chapa ya namna hii tindikali hula mistari kwenye bamba, wino husukumwa ndani ya mistari, uso hufutwa, kisha karatasi yenye unyevu hubanwa kwa presi. Ndiyo maana ukimulika taa kwa ubavu unaona mstari wa wino umeinuka kidogo juu ya karatasi, na ukingo wa bamba umeacha bonde dogo kuzunguka picha.

Bango la ramani hiyohiyo ni picha iliyopigwa kwa kamera na kuchapwa kiwandani. Weka lenzi ya kukuza mara 10: badala ya mstari utaona vitone vya samawati, waridi, njano na nyeusi. Msanii anaweza kusaini na kupigia namba mabango 500; saini ni yake, namba ni ya kweli, na bado ni bango. Lina bei yake, ila si bei ya chapa.

Kuna na imani kwamba 1/68 ni bora kuliko 60/68. Ina asili yake: bamba la shaba lililokwaruzwa kwa sindano bila tindikali huacha kijituta cha shaba pembeni mwa mstari, nacho husagika baada ya chapa chache, hivyo za mwanzo kweli hutoka nzito zaidi. Lakini mabamba ya siku hizi mara nyingi hupakwa tabaka jembamba la chuma kwa umeme, na chapa ya 60 hutoka sawa na ya kwanza. Tena namba huandikwa siku ya kusaini, karatasi zikiwa zimeshakauka na kuchanganyika. Namba 1 huenda ilitoka presini ya mwisho. Zenye herufi AP ni nakala za msanii, ziko nje ya hesabu hiyo, na si bandia.

Mchoraji wa Mbeya naye akichonga ramani ya dhihaka ya jiji kwenye kibao cha lino (linoleamu, ile ya kutandika sakafuni), foleni ya Mafiati ikiwa chatu aliyeshiba, akatoa 30, anapaswa kukikwaruza kibao kisitumike tena. Akitoa nyingine 30 kimyakimya amewaibia wanunuzi wa kwanza.

Ndani ya toleo moja, kinachotenganisha bei ni hali ya karatasi, na hapa nyanda za juu ndipo panapoharibika. Fundi hulaza kioo juu ya karatasi, hugongomea hadibodi nyuma, hubandika selotepu, na picha isipoenea hukata kingo. Kwa ukungu wa Tukuyu unyevu hunasa kati ya kioo na karatasi, madoa ya kahawia yakaota. Hadibodi huigeuza karatasi njano. Kingo zikikatwa, saini na alama ya bamba zimekwenda. Dai kadi nene isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiguse picha, na karatasi ining'inizwe juu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Laminesheni usiruhusu kabisa, plastiki haibanduki tena. Na jua la mwinuko wa mita 1,700 ni kali. Usitundike mkabala na dirisha.

Kukadiria, tazama bei ambayo chapa ya toleo hilohilo yenye hali kama yako iliuzwa mnadani, si bei anayotaja muuzaji. Angalia pia kama bei hiyo imejumuisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 25 au zaidi, muuzaji haipati.

Anayekuonyesha bango lenye namba akaliita toleo maalumu, mwambie kwa upole ni bango lenye namba. Kama unalipenda, linunue kwa bei ya bango.